Nyapara aliyesema "anza na mimi": TB kwenye kambi ya wakata miwa

Wakuu, habari za leo. Haya niliyaona kwa macho yangu, sijaongeza chumvi.

Enzi zile miwa ikilipa vizuri, niliajiriwa kama karani wa usalama kwa kampuni moja upande wa Ekero. Nilikuwa naandika ajali na magonjwa ya wafanyakazi. Ajali zilikuwa rahisi. Mtu akijikata na panga, kila mtu anaona.

Shida ilikuwa kambini kwa wakata miwa. Walilala kwenye bweni la kampuni, vitanda vimebanana, madirisha yamepigiliwa misumari kwa sababu ya wezi.

Mmoja wao, Musa, akalazwa hospitali ya serikali. Wakasema ni TB.

Sheria ilitaka niandike, halafu tutafute wengine walioambukizwa kazini. Meneja wa mashamba akakataa. "Hiyo ametoka nayo kwao."

"Boss, huyu amelala kwa bweni letu msimu mzima. Hapo ni kazini."

Akafikiria kidogo, akasema sawa, andika.

Kumbe meneja ndiye alikuwa rahisi. Nilipofika kambini niliambiwa, "Hapa hakuna mgonjwa, madam." Na wanaume wazima wanameza kikohozi mpaka machozi yanawatoka.

Waliamini ukiandikwa unafutwa kazi. Nani anataka kurudi nyumbani mikono mitupu katikati ya msimu? Musa mwenyewe alipotoka hospitali hakurudi kambini. Alisikia ameandikwa, akapotea, hata dawa hakuzifuata.

(Kwa wasiojua: TB inatibika kabisa, bora umalize dawa.)

Nikamwomba meneja aje aongee nao mwenyewe. Alikuja. Akakaa nao chini, akapewa obusuma, ugali wa kwao, na mboga, akala. Kisha akasema, "Atakayepatikana atatibiwa, na kazi yake itamngoja."

Ndipo akasimama Mzee Makokha, nyapara wao. Huyu alikuwa anainua mzigo wa miwa ambao vijana wanaukwepa. Mimi sikuwa nimemshuku hata kidogo.

"Madam, anza na mimi. Nakohoanga damu tangu mvua ianze. Bibi yangu pekee ndiye anajua."

Hakuna aliyecheka. Mwingine akasema, "Na mimi." Mwingine akainua mkono tu, bila neno.

Walipelekwa kupimwa, na si wote walikutwa nayo. Misumari iling'olewa, vitanda vikapunguzwa. Mzee Makokha alimaliza dawa akapona, na meneja akatimiza neno lake, ingawa alimhamishia kwenye mizani ya kupimia miwa, kazi isiyochosha sana.

Musa tulimtafuta mpaka kwao Chekalini. Tulichelewa.

Baadaye kaka yake alikuja kuchukua blanketi na panga lake. Nilimpa pole. Akaniambia, "Alikuwa anawaogopa nyinyi kuliko ugonjwa."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Nilichojifunza ni kwamba mtu hafichi ugonjwa kwa sababu ni mjinga. Anaficha kwa sababu amepiga hesabu ya kitakachomfuata akisema. Tangu hapo, kila nilipofanya kazi, kabla ya kuuliza nani anaumwa nilihakikisha kwanza kwamba atakayesema ataendelea kula.

Je, nyinyi kazini kwenu, mtu akianza kukohoa anamwambia nani? Au anameza tu? Tuambiane hapa chini.