Chumba cha Rangi Tatu

Kwenye duka la rangi alikofanya kazi hakuna aliyemwita kwa jina lake. Mafundi, wateja, hata mwenye duka, wote walimwita Rangi Tatu, kwa sababu hakuna aliyetoka pale na kopo mkononi bila kusomewa sheria yake: chumba kimoja, rangi tatu, basi. Moja ya kutawala, moja ya kusaidia, na moja ya kuonjesha tu, kama chumvi. Mteja aliyeng'ang'ania ya nne aliuziwa, lakini kwa shingo upande. Na kusema kweli mama huyu hakuwa akibahatisha. Ungemletea kipande cha kitambaa kisichozidi ukucha, naye angesimama mbele ya mashine ya kuchanganyia, tone la nyeusi, tone la manjano, akakoroga, na rangi ikatoka ileile hadi mwenyewe ukashangaa.

Kwa hiyo, kama kuna mtu ambaye hakutakiwa kushindwa na chumba kimoja, ni yeye. Na kilichomshinda kilikuwa chumba chake mwenyewe.

Kilikuwa ghorofa ya pili: jiko kwenye kona, bafu nyuma ya mlango mwembamba, na dirisha moja linalotazamana na ukuta wa jengo la jirani. Kwa mtu mmoja kilitosha. Sasa walikuwa wawili. Mama yake alipofariki, na nyumba waliyoipanga miaka yote ikarudi kwa mwenyewe, baba yake alikuja kukaa naye. Mzee alikuwa amepata kiharusi kidogo. Miguu ilipona, mikono ilipona, kumbukumbu ndizo zilizobaki zikija na kuondoka zipendavyo. Siku nyingine alikuwa mzima kabisa, akibishana na mtangazaji wa redio. Siku nyingine aliuliza mkewe amechelewa wapi.

Aliyesaidia kuhamisha vitu ni kaka yake Rangi Tatu, mkubwa wake, mtu mwema lakini mwenye kauli za kukata maneno. Walipomaliza kupandisha mizigo alisimama mlangoni akatazama: kiti cha mzee cha mbao, kilichopakwa bluu ya milango na kusukwa upya kwa mipira ya baiskeli, blanketi la mistari myekundu, mapazia ya maua ya zambarau, beseni la rangi ya chungwa, saa ya ukutani iliyogoma kutembea tangu enzi hizo. Akasema hiki si chumba, ni stoo, na baba yao hatawekwa stoo kama gunia la mkaa. Yeye kwake ana chumba kizima cha wageni, kimekaa bure. Angerudi Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na akikuta hali ni hiyohiyo, anaondoka na mzee.

Rangi Tatu hakutaka baba yake achukuliwe, na si kwa ubishi wa watoto wa tumbo moja. Alimtaka. Utoto wake wote mzee alikuwa mhudumu wa vyumba katika nyumba ya wageni iliyokuwa karibu na stesheni. Aliondoka watoto wamelala, akarudi amechoka hata kijiko kinamlemea. Walimjua baba yao kwa harufu ya sabuni na kwa mkoromo. Leo ndiyo kwanza amempata, anamwona akinywa chai, anamsikia akikohoa, halafu aje anyang'anywe kwa sababu ya mapazia? Hapana. Akajifunga kibwebwe.

Na alijua anataka nini. Mara moja tu, akiwa mdogo, mama yake alimtuma ampelekee baba chakula kazini, akamkuta akitandika. Hakuwahi kuona chumba kama kile. Pazia, shuka la juu na foronya vyote vilikatwa kwenye kitambaa kimoja, kijani kilichopoa, na kila kitu kilikuwa kimetulia mahali pake. Alijibwaga kitandani, na baba yake akamnyanyua kwapani hima, akalainisha kwa kiganja pale alipokalia. Alimwambia neno, lakini neno lenyewe limeshamtoka. Chumba hakijamtoka. Ukimuuliza aliingiaje kwenye kazi ya rangi, atakusimulia chumba hicho.

Basi vitu vyote vya zamani alivishusha chini ya ngazi, akavifunika turubai, kwa hisani ya msusi mwenye saluni pale chini. Kuta akazipaka nyeupe yenye tone la maziwa. Pazia akalitundika juu kabisa, karibu na dari, ili chumba kirefuke, na kitambaa chake kilikuwa kijani kilichopoa, cha majani yanayoanza kukauka. Kutoka jora hilohilo akashona shuka la kitanda cha mzee, foronya, na kifuniko cha kochi analolalia yeye. Rangi ya tatu ilikuwa kahawia ya mbao: rafu iliyo wazi pande zote, inayotenga kitanda na jiko bila kuziba hewa, na fremu ya kioo kikubwa alichokiegemeza mkabala na dirisha ili kivute mwanga. Chini akatandika zulia moja la kuvishikanisha vyote. Msusi alipanda kuja kuona, akashika kiuno, akasema hapa hata sauti inabidi ishushwe, kisha akavua viatu mlangoni.

Mzee hakuvua. Hapo ndipo kichwa cha Rangi Tatu kilipoanza kumzunguka.

Alitarajia baba yake akae, anyooshe miguu, hata alalamike kidogo, maana alikuwa bingwa wa kulalamika. Mzee alisimama karibu na mlango, mikono nyuma, shati limefungwa vifungo hadi shingoni. Akaambiwa akae. Akashukuru, akaendelea kusimama. Alipobembelezwa sana alikaa kwenye kigoda kilichokuwa nyuma ya mlango, kile cha kuwekea ndoo, mgongo umenyooka. Binti akafurahi: kumbe anapenda kigoda. Jioni ileile akakipachika sponji na kukivisha kijani, kifanane na wenzake. Kesho yake mzee akasimama.

Akafikiri labda godoro ni gumu, akalibadilisha. Akafikiri labda kijani kinamtia baridi, macho ya wazee yana mambo yake, akarudia ukuta mmoja kwa nyeupe iliyotiwa tone la joto. Akafikiri labda kioo kinamtisha, akakigeuza. Mzee alikuja nyuma yake polepole, akakirudisha kilivyokuwa, akafuta fremu kwa leso. Kwa hiyo kioo anakipenda? Kama anakipenda, mbona hajitazami? Kila alipoongeza uzuri, baba yake alizidi kuwa na adabu, na adabu ile ilimtia kiwewe kuliko matusi. Usiku alilala kwa kuamriwa, ukingoni kabisa, na asubuhi kitanda kilikuwa kimetandikwa utadhani hakijalaliwa. Taulo alilikunja mara mbili, akaliweka miguuni pa kitanda, sabuni juu yake. Rangi Tatu akajiambia anasaidia kazi, masikini.

Wewe unayesoma pengine umeshang'amua. Ni rahisi ukiwa umekaa pembeni. Yeye alikuwa na Jumamosi mbele yake, na Jumamosi ilimziba macho.

Halafu mzee akaanza kumwita bibie. Mara ya kwanza alimletea chai, akasimama kando, akauliza, "Bibie, kuna kingine?" Binti alicheka, maana baba yake tangu zamani ni mtani. Mara ya pili alimtazama usoni akitafuta utani akaukosa, akabaki na kikombe mkononi asijue anywe au alie. Dukani siku hiyo alimchanganyia mteja waridi ikatoka kama maini. Mwenye duka alitaka kucheka, akaghairi alipoiona sura yake.

Jioni aliamua kuuliza waziwazi. "Baba, chumba hukipendi?"

"Kizuri sana," mzee alisema. "Kizuri mno. Mwenyewe akija atafurahi."

Rangi Tatu akakisia kuwa anamsema mwenye jengo, ambaye kwa kweli huja kila mwezi na hafurahi kamwe. Au anamsema kaka? Aliligeuza neno hilo mpaka usingizi ukampita, na asubuhi akaongeza mito miwili ya kijani juu ya kochi, kwa sababu hakujua la kufanya na mikono yake.

Jumamosi kaka yake akaja. Alikuja na begi kubwa, tupu, limekunjwa chini ya kwapa, na hakuficha ni la nini. Akaingia, akasimama. Akatazama pazia kutoka juu mpaka chini, akatazama rafu, akauona mwanga wa dirishani ukirudi kutoka kwenye kioo na kujaa chumba kizima. Mdogo wake alimkodolea macho.

"Dada," alisema, "hapa umenishinda. Nilisema vibaya siku ile."

Akaliweka begi chini. Mzee alikuwa mahali pake karibu na mlango, amenyooka. Alimwambia mwanawe karibu sana, bwana, maji ya moto yapo. Kaka akacheka, akashika bega la baba yake, kisha kwa uchovu wa safari akajitupa kitandani.

Mzee akaruka. Mtu aliyekuwa akitembea kwa kuhesabu hatua alivuka zulia kama kijana, akamkamata mwanawe mkono, akamvuta. Uso wake ulijaa hofu tupu.

"Inuka, inuka. Hapa hatukai. Hapa pa watu." Akainama, akaanza kulainisha shuka kwa kiganja. "Mwenyewe akija tutamwambia nini?"

Rangi Tatu akalisikia neno lililomtoka miaka yote hiyo. Hapa hatukai, hapa pa watu. Ndilo aliloambiwa siku ile, akinyanyuliwa kwapani. Na mbele yake baba yake alikuwa akipitisha kiganja juu ya kijani kilichopoa, vilevile, kuanzia kichwani kuelekea miguuni. Akaona alichofanya. Alikuwa amejenga chumba kilekile, akakipatia mpaka foronya, na kumrudisha mzee wake kazini.

Kaka yake hakuona hilo. Alichoona ni baba asiyejua yuko wapi. Alisema kwa upole, akiokota begi, kwamba sasa ni dhahiri, chumba kizuri lakini mzee amepotea humu. Ni afadhali aende naye. Akamgeukia baba yao. "Twende nyumbani, baba."

"Haya, twende," mzee akasema, na uso wake ukafunguka kwa mara ya kwanza tangu kuta zipakwe. Hakuhitaji hata kuvishwa viatu. Viatu alikuwa navyo miguuni siku zote hizo.

Rangi Tatu alimshika kaka yake mkono. Angeeleza nini, na angeanzia wapi? Kwamba amemkosea baba yake kwa uzuri? Alisema tu, "Kaka, ningojee. Nakuomba, ningojee kidogo," akatoka mbio bila kufunga mlango.

Chini ya ngazi alivuta turubai, vumbi likamrukia. Kiti kilikuwa kimelaliwa na beseni na mapazia ya zambarau. Alikipandisha akikigonga kwenye kila ukuta wa ngazi, msusi akitoa kichwa mlangoni na chanuo mkononi kuuliza kuna nini, na yeye asijibu kwa sababu hakujua kama kuna kitu au hakuna. Pengine mzee angekitazama kama alivyotazama vingine vyote. Pengine angekifuta vumbi na kukipanga ukutani.

Akakiweka katikati ya zulia. Kilikuwa kibaya. Bluu yake ilipigana na kijani, ikapigana na kahawia, mpira mmoja ulikuwa umekatika na kuning'inia. Mchanganya rangi ndani yake alifumba macho.

Mzee alikuwa tayari ameshika kitasa. Akageuka. Alikitazama kile kiti muda, akasogea, akashika mgongo wake, akautikisa kama anavyoutikisa siku zote kuona kama mguu wa kushoto bado unacheza. Unacheza.

"Nani alikitoa kiti changu nje?" aliuliza, tena kwa ukali.

"Mimi, baba."

"Mbona huna adabu?"

Akakaa. Mipira ikalia. Akafungua kifungo cha shingoni, cha pili, halafu akainama akihema, akafungua kamba za viatu, akavivua kimoja kimoja na kuvisukuma chini ya kiti kwa kisigino. Vidole vyake vya miguu vilijikunja juu ya zulia. Alitazama pazia, dari, rafu, na kioo, akaguna.

"Mapazia gani haya? Watu wataona tumeiba." Kisha akamwona mwanawe, aliyekuwa bado amesimama na begi mkononi. "Na wewe mbona umesimama kama mgeni? Kaa kitandani hapo."

Kaka alimtazama mdogo wake, macho yamejaa maswali. Mdogo wake alikuwa akilia na kutingisha kichwa. Kaka akakaa taratibu, ukingoni, akimchungulia baba yao. Shuka likakunjamana. Mzee hakuinuka kulilainisha. Alikuwa akitafuta redio.

Rangi Tatu alizungusha macho chumbani. Nyeupe, kijani, kahawia, na ile bluu ya milango katikati, haikai na chochote. Alishindwa kuamua kama chumba kimeharibika au ndiyo kimekamilika, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake akaliacha swali bila kulijibu.

"Hapa kuna baridi," mzee alisema. "We mtoto, blanketi langu liko wapi?"

Aliita "we mtoto", kama zamani. Rangi Tatu akapangusa uso, akampita kaka yake aliyekuwa akilisukuma begi chini ya kitanda kwa mguu, akashuka tena ngazi kuleta blanketi lenye mistari myekundu.