Siku Aniceti Alipomtembeza Bwana Remigius

"Atakayekuja Babati akaondoka bila kuona kiboko, aje anidai mimi!"

Aniceti aliyasema hayo kwenye mkutano wa hadhara pale Maisaka, mwaka mkoa wa Manyara ulipozaliwa na Babati ikaamka ikiwa makao makuu kabla haijanawa uso. Watu walipiga makofi. Makofi hayalipiwi.

Alikuwa na miaka hamsini na mbili, mgongo wake themanini. Nusu ya umri wake ameinama kwenye shamba lake la kule Mutuka. Basi aliposikia kijitabu cha vivutio vya mkoa kinaandaliwa, na kwamba atakayemtembeza mwandishi vizuri jina lake litachapwa humo ili wageni wamtafute, alimwambia mkewe Rosalia, "Mama, jembe hili nalistaafisha."

"Liandikie barua kwanza," Rosalia akasema, akiendelea kuchambua maharage.

Mwandishi, Bwana Remigius, alikuja kwa siku moja tu. Aniceti alishapanga: waanzie Nakwa kwenye nyumba ya tembe ya Mzee Leonsi, wapite kwa mama mmoja anayepamba vibuyu, wafike ziwani kwenye viboko kabla ya saa tano. Baada ya hapo upepo huchachamaa na mitumbwi haitoki. Mpango safi. Kosa lake lilikuwa moja: jana yake alipita nyumba zote mbili akatangaza kuwa kuna mgeni.

Kwetu ukitangaza mgeni, umetangaza kuku.

Kwa Mzee Leonsi walishachinja. Remigius alitaka kutazama lile paa la udongo, akakalishwa kwenye kigoda.

"Paa halitoroki, mwanangu," mzee akamwambia. "Kula."

Kwa mama wa vibuyu uliletwa wali, yakaletwa na maziwa ya mgando.

"Shikamoo, mama. Sisi tumeshiba," Remigius akajaribu.

"Marahaba. Mmeshiba kwa Leonsi. Kwangu bado hamjala."

Aniceti alitazama jua, akatazama sahani, akanawa mikono. Ukimnyanyua mgeni kwenye chakula cha mtu, kesho utapita mlango gani?

Walifika ziwani saa nane. Maji yalikuwa yamechafuka, na Marseli mwenye mtumbwi alikuwa amelala chini ya mti, kofia usoni.

"Marseli, amka, tuingie majini."

"Kwa upepo huu, kaka? Kiboko utamwona, ila utamwona kwa chini."

"Nitakuongezea."

"Utaniongezea nini, jeneza?"

Remigius alikaa kwenye nyasi, akalegeza mkanda, akasinzia. Aniceti alibaki amesimama akikodolea macho matete, akingoja hata sikio moja litokeze. Halikutokeza. Saa kumi na moja gari likaja kumchukua mgeni.

"Mzee Aniceti, nimekula sana," ndiyo shukrani aliyoacha.

Kijitabu kilitoka baada ya miezi minne. Mlima Kwaraa ulikuwemo, picha ya mbali. Watu wa Babati waliandikwa kuwa ni wakarimu mno. Ziwa lilipata mstari mmoja: lina upepo. Viboko hawakutajwa, wala Aniceti. Alikisoma dukani amesimama, akakirudisha kwa mwenye duka, akaenda nyumbani kumuuliza Rosalia kama Mutuka mvua imeanza.

Ilikuwa imeanza. Alilima. Mahindi hulipiwa: msimu ule debe lilikuwa shilingi elfu mbili na mia tano.