Ngoma Ilikuwa Imenyamaza Mume Wangu Alipompiga Kaka Yangu

Jina la bibi huyu tumelificha kama alivyoomba. Msomeni mpaka mwisho, kisha mumjibu kwa adabu.

Assalamu alaykum wasomaji. Miye ni mwanamke wa miaka ishirini na mbili, nina mume na mtoto anayenyonya, nakaa upande wa Wawi hapa Pemba. Nimeandika kwa herufi za Kiarabu nilizofunzwa chuoni, wenye ukurasa watanisaidia kuzigeuza. Mume wangu nitamwita Faki, kaka yangu nitamwita Kombo. Si majina yao, na mkiwatambua nyamazeni.

Faki ni yatima. Alilelewa na marehemu baba yangu, akala sahani moja na Kombo tangu wadogo. Kazi yake ilikuwa kuiga watu. Alimwiga mwalimu wa chuo anavyosinzia, akachapwa bakora mpaka mgongo ukachanika. Alimwiga Mhindi wa dukani anavyopima sukari, akala vibao mbele ya wateja. Hakukoma! Baba alikuwa akisema, "Huyu mtoto kuiga kutamuua." Na ndiye huyo huyo niliyempenda, miye na ujinga wangu.

Mwaka juzi wakaja watu wa senema kupiga picha kwenye mashamba ya karafuu. Faki akamwiga mkubwa wao, Mzungu mmoja mnene, anavyofuta jasho. Yule bwana badala ya kukasirika akacheka mpaka akakaa chini, akamchukua. Katika picha ya kwanza Faki alikuwa mvivu asiyetaka kuchimba choo, akaugua safura akafa. Ilipooneshwa Chake shangazi yake aliangua kilio cha matanga, na Faki mwenyewe kakaa ubavuni pake anatafuna njugu!

Picha ya pili ndiyo iliyotuvunja. Walitaka kirumbizi. Mnaoujua mchezo huu wa fimbo mnaijua sheria yake: ngoma ikilia, piga kichwa ukiweza, na aliyepasuliwa hana kisasi wala mashitaka. Ngoma ikinyamaza, fimbo chini. Faki akamtaka Kombo acheze naye, maana Kombo hakuwahi kuangushwa na mtu.

Mzungu akataka Kombo aanguke. Kombo akasema, "Sijapigwa, n'anguke kwa nini? Miye mlevi?" Wakarudia, wakarudia tena, Kombo kasimama vile vile. Jua limewaka, bwana yule kafura kwa hasira, akawafukuza wapiga ngoma, eti kivuli chao kinaingia kwenye picha na mashine yenyewe haichukui sauti. Ngoma ikanyamaza. Kombo akashusha fimbo kama alivyofunzwa na baba. Faki akampiga.

Nilikuwa nimesimama na wanawake wenzangu, na wallahi mlio wa fimbo ile nausikia mpaka leo. Ilimpata jichoni. Kombo akaenda chini, damu inamtoka kati ya vidole, anauliza, "Ngoma iko wapi? Ngoma iko wapi jamani?" Na mume wangu hakumwinamia. Alisimama juu yake, kidevu kakiinua, fimbo begani, anaitazama mashine mpaka Mzungu aliposema basi. Ndipo akapiga magoti na kulia. Nilimrukia nikamng'ata mkono mpaka nikaonja damu. Kovu analo.

Jicho la kushoto halikupona. Wazee walikaa, hawa wakasema kipigo cha kirumbizi hakina kesi, hawa wakasema bila ngoma si kirumbizi tena. Faki naye akaitwa Unguja, akacheza picha nyingine, watu wakaanza kumwandama njiani wamwone. Sasa anaitwa bara kwa picha kubwa na anataka twende sote. Ningekwenda, sisemi uongo.

Lakini kabla ya Ramadhani ile picha ya kirumbizi ikaletwa Madungu, ikaoneshwa kwenye shuka nyeupe. Fimbo ilipotua watu wakashangilia. "Rudisha! Rudisha tuone tena!" Wakairudisha. Kombo alikuwa nyuma kabisa, kasimama na jicho lake moja, anajiona anapigwa mara ya pili. Kesho yake akamkabili Faki mbele ya watu. "Shemegi, Sikukuu mosi. Na safari hii ngoma ikilia." Faki akakubali pale pale, angesemaje?

Juzi tunafuturu nikamlilia. Akacheka. "Usiogope mke wangu, nitaanguka. Si ndiyo kazi yangu?" Akasimama, akajishika kichwa, akaanguka pale jikoni macho yamegeuka meupe. Nilipiga yowe bakuli la uji likanitoka mkononi. Nilijua kafa.

Nikenda kwa Kombo kumbembeleza, nikamwambia mwenzako hatapigana, atajiangusha tu. Akanijibu, "Akianguka kwa uongo, nitampiga hapo hapo chini mpaka awe mkweli." Mama yumo mlangoni, anasikia, anasema tu, "Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe." Na huyu niliyempakata, mama, hakuzaliwa?

Fimbo anayoitaka Kombo ni ya marehemu baba, ya mti mgumu wa mtobwe. Niliachiwa miye niitunze, iko uvunguni mwa kitanda ninacholala na Faki. Kombo hataki nyingine, ananitaka nimpelekee kwa mkono wangu. Na Faki ananihimiza, "Mpe, wasije wakasema nimejificha nyuma ya mke."

Kaka yangu haoni kushoto. Faki akipiga kweli, nitakuwa na kaka kipofu. Akijiangusha, nitakuwa na mume maiti. Leo nimeitoa uvunguni nimeiegemeza jikoni, muhogo wa futari unachemka. Nikiichoma wote wawili watanikana, na baba sijui kaburini atanionaje. Bado tuko kumi la mwanzo, mwezi wa Sikukuu haujaandama. Nishaurini ndugu zangu, nyie mlio mbali na damu hii: nimpelekee, au niitie chini ya chungu?