Faili Lililoitwa Kelele

Jumatatu moja asubuhi, kompyuta ya mapokezi iligoma kuandikisha wagonjwa. Nilikuwa na mwaka wa pili kwenye zahanati ile ya mtu binafsi hapa Tanga. Taarifa zote za wagonjwa zilikaa kwenye seva moja, kompyuta kuu iliyokaa chumba cha nyuma, na tulioiangalia tulikuwa wawili: mimi, kijana wa Makorora, na mama mmoja wa Pangani aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu.

Nilifungua logi, lile daftari ambalo mashine hujiandikia yenyewe kila linaloisibu. Hifadhidata, programu inayotunza taarifa za wagonjwa, haikuwa imeandika neno humo kwa wiki tatu. Nikaiwasha upya, kimya. Nikatuma ujumbe wa majaribio mwenyewe, ukaingia mara moja. Basi daftari lilikuwa zima, ila maneno ya hifadhidata yalipotelea njiani. Mama, aliyekuwa akimenya chungwa bila haraka, akaniuliza kama nimeshaangalia mipangilio. Nikaangalia. Mstari mmoja uliamuru kila inachosema hifadhidata kipelekwe kwenye faili jingine, na faili hilo liliitwa "kelele".

Nikageuka kumtazama.

"Nilimhamisha chumba tu huyo mlalamishi, mwanangu," akasema. "Bosi alikuwa ananimaliza."

Hakusingizia. Mkurugenzi wetu, mzee wa Lushoto, alisoma logi kila asubuhi na kudai maelezo ya kila mstari, hata unaosema mambo ni salama.

Ndani ya kelele tukakuta malalamiko ya wiki tatu: diski inajaa, diski inajaa, diski imejaa. Tukafuta nakala za akiba zilizopitwa na wakati, na kabla ya adhuhuri foleni ikaanza kusogea.

Nilishauri tumwambie bosi kuwa ni umeme. Mama akakataa, akajitanda mtandio, akaenda kukiri. Nilisikiliza mlangoni. Mkurugenzi akasema polepole kwamba hata yeye hakuelewa nusu ya mistari ile. Alidai maelezo ili ajifunze bila kuonekana anauliza.

Tukarudisha ujumbe mzito kwenye logi, ule mdogo mdogo tukauacha kulekule kwenye kelele. Na mama akaanza kumsomesha bosi, kila siku saa nne, kwa chai na mihogo. Alipokosea aliambiwa arudie, naye alirudia, miwani puani. Mimi nilikatazwa kucheka, kwa hiyo nikawa natoka nje.