Aliyekuja Mjini Ijumaa

Kila Ijumaa alasiri mji wa Kisii hufunga virago. Mwalimu, karani, muuza simu, msusi, wote hushika mikoba wakaelekea steji, kwa sababu mjini ni mahali pa kazi na nyumbani ni nyumbani. Jambo hili halihitaji kufundishwa. Mimi nilizaliwa Nyamira, nikaolewa Manga, na nililijua tangu utotoni. Lakini tulipohamia mjini mimi na mume wangu kusaidia kuanzisha kanisa jipya, hakuna aliyekumbuka kwamba tulikuwa tunaanzisha kanisa la Jumamosi katika mtaa ambao Jumamosi watu wake wako milimani.

Mtaa wenyewe ulikuwa umechoka. Maji ya bomba yalikuja yalipojisikia, barabara ilikuwa tope wakati wa mvua na vumbi wakati wa jua, na maduka mawili matatu yalikuwa yamefungwa kwa kufuli zilizoshika kutu. Tulikodi chumba juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka ni mzee Mwislamu ambaye babu yake alifika Kisii na biashara yake zamani sana. Jumamosi asubuhi aliwakataza wafanyakazi wake kukata mabati mpaka mahubiri yaishe, na hakuna aliyemwomba. Mpaka leo nikimpita dukani namsalimia kwa mikono miwili.

Siku ya kufungua, chumba hakikutosha. Kanisa la nyumbani, kule Manga, lilituletea mabasi, kwaya, sufuria za chakula na maombi marefu. Tulijiona tumefika. Sabato iliyofuata tulipanga viti vyote, mume wangu akavaa tai, tukangoja. Wakaja mama mmoja kutoka Ukambani anayeuza mitumba, fundi viatu kutoka Busia, na wengine wachache ambao kwao ni mbali mno kwa nauli ya kila wiki. Wale watu wetu wa Manga wanaoishi mjini, walioahidi kwa machozi kwamba wangekuwa nguzo, hawakuonekana. Walikuwa wamekwenda nyumbani.

Ikawa hivyo wiki baada ya wiki. Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Ijumaa nilisimama mlangoni na cherehani yangu, maana nashona, nikawatazama wakipita na mikoba, wakinipungia mkono na kusema, "Sabato njema, mama." Nilitamani kuwarushia mkasi. Mchungaji wa eneo alikuja, akahesabu vichwa kwa macho, akatuambia kwa upole kwamba mwaka ukiisha hali ikiwa hii, chumba kitarudishwa kwa mwenyewe na sisi turudi tulikotoka. Fundi viatu akauliza, "Na sisi je, tutarudi wapi?" Swali lile lilikaa nami.

Sasa nimseme mama mkwe wangu. Ni mjane, mwembamba, mchuma chai hodari, na katika kanisa la Manga alikuwa na nafasi yake kwenye benchi la pili ambayo hata mgeni hakuthubutu kuikalia. Mawe ya kanisa lile mumewe aliyavunja kwa nyundo. Hakupenda tuhame. Alisema kanisa lipo, la nini kwenda kulitafuta jingine kwenye takataka za mjini. Lakini kutoka benchi lake alikuwa akiona jambo ambalo sisi hatukuliona: kila Sabato, kanisa lake lilijaa watu wetu.

Ijumaa moja, mji mzima ukipanda, yeye akateremka. Nilimwona akija peke yake dhidi ya lile kundi la mikoba, bodaboda nyuma yake imebeba mkungu wa ndizi na gunia la chinsaga, mboga ile chungu asiyoweza kuishi bila yake. Watu wa Manga walimpisha njia wakimwamkia kwa aibu, wasijue aibu yenyewe ni ya nini. Nilipomuuliza kama kuna msiba, akasema, "Msiba uko hapa kwenu. Nimekuja matanga."

Kukawa na taabu ya mahali pa kulala. Kwetu, heshima haimruhusu mama kulala chini ya paa la mwanawe aliyeoa, na huyu hakuwa mtu wa kuambiwa kwamba nyumba ya kupanga haihesabiki. Mama wa mitumba, jirani yetu, akasema kwake kuna kitanda na yeye halali na mtu. Basi mama mkwe wangu, asiyejua Kiswahili zaidi ya kile cha kununua chumvi, akaenda kulala kwa Mkamba asiyejua neno la Ekegusii. Asubuhi niliwakuta wanachambua chinsaga pamoja, kila mmoja akiongea lugha yake, na wanaelewana kabisa. Kuanzia siku hiyo yule mama akamwita Magokoro, yaani nyanya kwa lugha yetu, na mtaa ukaiga.

Nilidhani atarudi Jumapili. Hakurudi. Alizunguka nyumba kwa nyumba kwa watu wetu wote wanaoishi mjini. Hakumkemea mtu, na mimi niliyemsindikiza nilingoja sana akemee. Alikaa, akanywa chai, akauliza habari za watoto, na akiinuka kuondoka akasema kwa Ekegusii, taratibu kabisa, "Jumamosi nitakuwa pale juu ya duka. Wewe ukienda nyumbani, nisalimie nyumba yangu. Nimeifunga."

Ni nani angepanda Manga akapita mlango uliofungwa wa mama yule, akijua yuko mjini anamlindia kanisa? Mmoja alijaribu. Nasikia alishindwa kula. Wiki hiyo walikuja wanne, wiki nyingine familia mbili nzima, na kabla ya mwezi kwisha viti havikutosha tukaazima mabenchi kwa mwenye duka. Wapo ambao hawakuja kamwe, nisidanganye. Ila chumba kilijaa.

Na kilipojaa, tukafanya kosa letu lile lile la siku zote. Wenyewe tumekuwa wengi, basi tukaanza kuongea kwetu. Tangazo likatolewa kwa Ekegusii, wimbo ukawa wa Ekegusii, mahubiri yakaanza kwa Kiswahili yakaishia Manga. Fundi viatu akasogea benchi la nyuma. Sabato iliyofuata mama wa mitumba alikaa karibu na mlango, mkoba mapajani, kama mtu anayengoja gari.

Siku hiyo mama mkwe wangu aliombwa kufunga kwa sala. Tulijua sala zake, ndefu na tamu, kwa lugha ya mama. Akasimama, akaomba kwa Kiswahili. "Mungu," akasema, "asante kwa hii kanisa. Hawa watu walikuwa hapa mbele ya sisi. Walishika hii nyumba wakati sisi tulikuwa tunakimbia nyumbani. Sisi ni wageni yao. Utufundishe adabu ya wageni. Amina." Maneno yalikuwa yamevunjika kila mahali, na watoto wengine wa shule wangeweza kucheka. Hakuna aliyecheka. Mume wangu alikuwa anafuta uso kwa tai. Toka hapo ibada yetu ni Kiswahili mwanzo hadi mwisho, na anayeteleza hutazamwa na macho ya benchi la pili, maana aliwahi kujipatia benchi la pili hata hapa.

Mwaka ulipokaribia kwisha mchungaji alirudi, akakosa pa kukaa, akacheka mwenyewe. Chumba hakikurudishwa. Lakini kabla hajaondoka mama mkwe wangu alimwendea akasema anataka ushirika wake uhamishwe kutoka Manga, uje hapa. Mume wangu alishtuka kuliko nilivyowahi kumwona. Kwetu kanisa ulikoandikwa ndilo linalokuzika. Ndilo linaloimba nyumbani kwako siku hiyo, ndilo linalosimama karibu na kaburi huku majirani wakitazama. Alimwambia, "Mama, wale ni watu wako tangu ubatizo. Baba alivunja mawe yale." Akamjibu, "Kanisa ya baba yako ina watu ya kuizika. Hii yenu bado haijazika mtu. Itajulikana namna gani kama ni kanisa?"

Alisema hivyo kwa Kiswahili, mbele ya wote, kusudi wenyewe wa kanisa, wale wa mwanzo, wasikie.

Sasa kila Sabato alasiri, watu wakishatawanyika, anabaki na wale wa mwanzo. Anawafundisha wimbo mmoja wa Ekegusii, ule anaoupenda. Kiswahili ni cha ibada, anasema, lakini huu ni wake na utaimbwa Manga kaburini, na watu wa benchi lake la zamani watakuwepo wakisikiliza. Jumamosi iliyopita nilikuwa nafagia nikawasikia. Fundi viatu alikuwa anautafuna ule wimbo kama mahindi mabichi. Akamwambia, "Magokoro, kwani haraka ya nini? Wewe bado uko sana."

"Niko," akasema. "Lakini ulimi yako ni nzito. Wewe utachukua miaka."

Tukacheka, isipokuwa mama wa mitumba. Yeye alikuwa amefika katikati ya ubeti akakwama, leso mdomoni, machozi yanamtiririka. Mimi nikaegemeza ufagio ukutani, maana yangu pia yalikuwa karibu. Mama mkwe wangu akamshika goti.

"Hapana lia saa hii," akamwambia. "Siku hiyo utalia. Saa hii imba."