Sufuria Juu ya Kabati

Nyumba ninayokodi hapa Voi imepangwa kwa kimo cha mtu aliyeketi. Fundi alishusha swichi na meko. Msaidizi niliyemchagua mwenyewe huja saa ninazotaka mimi, kunitoa kitandani asubuhi na kunirudisha usiku. Saa nyingine zote ni zangu na kiti changu cha magurudumu. Nyumbani Mghange, kule mlimani, walikubali shingo upande niishi peke yangu, na dada yangu mkubwa alisema wazi kwamba siku nitakayoshindwa, hata mara moja, atakuja kunichukua.

Jumapili moja, msaidizi akiwa amekwenda kwao Bura mpaka usiku, dada alikuja kunitembelea na kikapu cha mboga. Kwetu mlimani mwanamke haketi kwa ndugu yake kabla hajashika ufagio. Nikamwambia apumzike kwanza.

"Wewe kaa tu," akanijibu. Kana kwamba nilikuwa na mpango wa kusimama.

Akanitoa nje ili sakafu ikauke. Akapiga deki, akasugua sufuria zikang'aa, kisha, kama mtu nadhifu yeyote, akapandisha kila kitu juu ya kabati: sufuria, unga, chumvi, hata kiberiti. Akanikumbatia, akakimbilia gari la mlimani.

Niligundua nilipoingia kupika. Nilijaribu kwa mpini wa ufagio, nikaangusha chumvi, ikamwagika yote. Jirani ningeweza kumwita, lakini dada alikuwa amemwachia namba ya simu, apige akiona kitu. Nikamlaani dada kwa sauti. Hasira ilipokwisha, ukabaki upweke. Kule Mghange sikuwahi kuulizwa nataka kula nini, lakini sahani ilikuja, na kelele za watu zilikuja nayo.

Mgeni njoo mwenyeji apone, husema wahenga. Mgeni wangu aliniacha nikitafuna sukuma wiki mbichi.

Jioni akapiga simu kusema amefika.

"Umeshakula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

Nikazitazama zile sufuria. "Ugali na mboga zako."

Akacheka kwa furaha. "Si unaona? Kumbe unaweza. Basi mimi sitakusumbua tena kila mara. Nitakuja Krismasi."

Nilikuwa nimeshinda. Nikamwambia asante, dada, na alipokata simu niliendelea kuishikilia sikioni.