Nilivyojidai Fidia ya Mbwa Wetu

Mnanicheka kwamba nikifika kwa mtu napiga hodi kama mpiga mbiu, tena nasimama mbali mpaka mwenye nyumba atoke mwenyewe anipokee. Chekeni tu. Mngekuwa mmewahi kuinama mbele ya wazee wa baraza wawili, mmoja wao mwanamke wa umri wa mama zenu, suruali mmeishika mkononi, nanyi mngepiga hodi hata nyumbani kwenu. Habari hii sijawahi kuisema yote, maana kila nikiianza nikifika pale pa suruali nageuza mazungumzo. Leo sigeuzi.

Kwanza mjue nilikuwa mtu wa kujidai. Nilifanya kazi ya utarishi mahakama ya mwanzo pale Kilosa miaka miwili, kazi yenyewe kubeba mafaili na kumchemshia hakimu chai, na nilipoachishwa (sababu ni chai, siyo mafaili) nikarudi kwetu na maneno kama kumi na mawili ya sheria, mdai, mdaiwa, kielelezo, fidia, na kwa watu ambao hawajawahi kuingia mahakamani ila kwa kushtakiwa, maneno kumi na mawili yanatosha sana. Ndiyo kwanza tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya kando ya barabara ya kwenda Mikumi, watu wa bondeni na watu wa milimani tumechanganywa kama kunde na mahindi, na kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri nikafanywa katibu. Mwenyekiti alikuwa mtu mwema asiyejua kusoma, kwa hiyo nilichoandika mimi ndicho kilichokuwa kimesemwa.

Shamba la kijiji lilikuwa linaliwa na nguruwe na nyani, na wao walilila kwa bidii kuliko sisi tulivyolilima, huku mbwa wote wako majumbani wanalinda bustani za wenyewe. Basi mkutanoni nikasimama. Nikasema, ndugu zangu, shamba ni letu, jembe ni letu, iweje mbwa awe wa mtu? Wakapiga makofi, maana jua lilikuwa kali na makofi ndiyo yaliyokuwa yanamaliza mikutano. Nikaandika kwenye daftari: "Kuanzia leo hakuna mbwa wa mtu. Mbwa wote ni wetu." Nikapiga mstari chini yake, nikaona hautoshi, nikapiga wa pili. Ukurasa uliofuata nikawaorodhesha mbwa wote mmoja mmoja, na nyumba anakolala.

Aliyenyoosha mkono alikuwa mtu mmoja tu, Mzee Yoeli wa milimani, mzee wa kanisa, amefiwa na mkewe, mwembamba, mpole wa kuudhi. Siku ya kuhama nyumba yake ya zamani ilibomolewa, akashuka na kitanda na mtoto wa mbwa mweusi, na yule mbwa akampa jina Tutaonana. (Mnajua wenyewe jina la mbwa ni barua kwa jirani. Mimi katibu niliisoma ile barua nikaona imeandikiwa kijiji, na tangu hapo Yoeli nikamweka kwenye watu wa kuangaliwa.) Akauliza, "Ndugu katibu, mbwa akiwa wetu, nani atampa chakula?" Nikamjibu, "Tutampa sote." Akakaa, na Tutaonana akaendelea kulishwa na yeye peke yake.

Sasa lile kosa lenyewe lilikuwa dogo, dogo la kuchekesha: sikutaka kumwamkia. Njia yangu ya kwenda ofisini ilipita mbele ya nyumba yake, naye kila asubuhi alikaa mlangoni akichonga mipini ya majembe, maana yake kila asubuhi mimi, katibu, ndani ya bugaluu yangu, suruali pana chini, ya tetroni, niliyoshonewa Morogoro, nisimame niseme shikamoo kwa mtu ambaye jina lake ninalo kwenye daftari. Nilifika mahali nikaona shikamoo inanipunguza. Ijumaa moja nikakata nyuma ya nyumba yake, kati ya jiko na zizi la mbuzi, natembea kwa ncha za vidole ili mzee asinisikie, katibu mzima, asubuhi kweupe, nanyata kama mwizi wa kuku. Mzee hakunisikia. Tutaonana alinisikia.

Alichukua kipande cha bugaluu na kipande changu mimi, pale pa kukalia, akarudi zake chini ya ghala. Mzee Yoeli akaja mbio, patasi bado iko mkononi, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Mwanangu, mbona hukupiga hodi?" La pili, aniletee maji na sabuni anioshe kidonda. Nikamwambia asiniguse, ataharibu ushahidi. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu, damu inanishuka mguuni.

Mtu mwenye akili angekwenda zahanati, mimi nikaenda mezani. Nikaandika karatasi mbili. Ya kwanza madai kwa mahakama, kwamba Yoeli anipe fidia ya mbuzi wawili na suruali mpya, tena aniombe radhi mbele ya mkutano. Ya pili nikaigonga muhuri wa kijiji, kwa bwana nyama, yule askari wa wanyamapori wa Mikumi, aje Jumatatu na bunduki amuue "mbwa mkali asiye na faida kwa taifa" (taifa nililitia mwenyewe, nililiona linapendeza). Karani wa mahakama, mwenzangu wa zamani, akanisogezea shauri langu mbele likasikilizwe Jumatatu hiyo hiyo.

Nikaingia mahakamani nachechemea zaidi ya nilivyoumia. Hakimu alikuwa yule yule wa chai. Akaniuliza, "Cheti cha daktari kiko wapi?" Sina. "Jeraha lenyewe liko wapi?" Nikasema, "Nyuma, mheshimiwa." Akasema, "Nyuma ya nini?" Watu wakaanza kucheka. Ikaamuliwa wazee wa baraza walithibitishe jeraha, nikapelekwa nyuma ya kabati la mafaili, kabati nililolifuta vumbi miaka miwili bila kuona kwamba ni fupi kuliko watu wanaosimama dirishani. Bi Mwanahawa, ndiye yule mwanamke, akavaa miwani yake taratibu, akainama, akakaa hapo muda ambao mpaka leo nauona ni mrefu. Kisha akasema, "Nimeliona," kwa sauti ya mtu aliyeona zaidi ya alichoombwa.

Hakimu akauliza, "Na mbwa ni wa nani?" Hapo ndipo nilipokuwa napasubiri. Nikalitoa daftari kwapani kwa madaha. "Kielelezo, mheshimiwa. Namba saba: Tutaonana, mweusi, kwa Yoeli." Hakimu akasoma namba saba, halafu (na mimi ningepaswa kukumbuka, mtu yule hakuwahi kusoma kitu nusu) akafunua ukurasa wa nyuma yake, akampa karani asome kwa sauti. Karani akasoma: kuanzia leo hakuna mbwa wa mtu, mbwa wote ni wetu.

"Mwandiko huu wa nani?" akauliza hakimu.

"Wangu, mheshimiwa."

"Na mstari huu wa chini?"

"Wangu."

"Yote miwili?"

Nikakubali yote miwili. Akalifunga daftari. "Sheria inampa haki aliyeumwa na mbwa, amdai mwenye mbwa. Mwenye mbwa hapa ni ninyi nyote, na wewe ndiye uliyeandika. Sasa, ndugu katibu, unamdai nani? Unajidai." Jamani, nimewahi kuitwa mtu wa kujidai tangu shule, lakini sijawahi kuitwa hivyo na mahakama, tena kwa maana zote mbili. Hata askari wa mlangoni aligeuka akacheka ukutani. Mzee Yoeli alipoulizwa kama ana la kusema, alisema tu, "Hakupiga hodi, mheshimiwa. Na mimi nilitaka kumwosha."

Ningekwenda nyumbani na aibu hiyo ingetosha. Lakini Bi Mwanahawa, ambaye hakuwa amecheka, akauliza, "Huyo mbwa mzima? Mna hakika hana kichaa?" Akasema kule Kidodi mtoto wa shemeji yake aliumwa akapuuza, mwisho wake akawa akiletewa kikombe cha maji anapiga kelele, na hakupona. Mahakama yote ikanitazama, na safari hii hawakunitazama nyuma.

Nikakimbia hospitali, mbio za mtu asiyeweza kukimbia. Daktari akanigombeza kwanza kwa kutoosha kidonda (sikumwambia ni nani alitaka kuniosha), akasema sindano zake ni za tumboni, kuzunguka kitovu, kila siku, na pale hazipo, mpaka ziagizwe Morogoro. "Mbwa yuko hai?" Nikasema yuko. "Afungwe aangaliwe siku kumi tangu alipokuuma. Akibaki mzima, na wewe hukupata kitu. Akiugua au akifa, njoo siku hiyo hiyo. Ila asiuawe, umesikia? Akiuawa bado yu mzima, nitajuaje?"

Nikamwambia nimesikia. Nilikuwa nimesikia vizuri mno, maana ilikuwa Jumatatu, saa sita mchana.

Lori la kurudi nililopata, Mzee Yoeli alikuwamo, amekaa juu ya gunia. Mimi nilisimama (sababu mnaijua). Tulipofika nusu ya njia akaniuliza, "Nasikia ulimwandikia bwana nyama. Aje lini?" Nikasema, "Leo, mzee." Akatazama barabara, akavua kofia yake. "Basi tuombe lori lisiharibike," akasema. Hakunicheka hata kidogo, na kutonicheka kwake kuliniuma kuliko lile jino.

Tulipofika, watu wamejaa kwake, Tutaonana amefungwa kwenye nguzo ya ghala, bwana nyama anafuta bunduki kwa kitambaa. Nikaruka lori halijasimama, bugaluu yangu imeshonwa nyuma kwa uzi mweupe, napiga kelele, "Acha! Ni mbwa wetu huyo!" Bwana nyama akatoa barua mfukoni, akaniuliza kama ule si mwandiko wangu. Ulikuwa wangu, mwandiko huo huo mzuri, na taifa ndani yake. Sikuwa na kifungu cha sheria cha kumpa, nikapiga magoti nikamkumbatia mbwa shingoni, mbwa ananguruma sikioni mwangu, na kijiji kizima kinacheka mpaka wengine wakakaa chini. Mzee Yoeli akaifungua kamba kwenye nguzo akanikabidhi. "Mchukue ukamwangalie," akasema. "Si wetu?"

Mama yangu ni mtu wa swala tano, chombo kikiguswa na mbwa alikuwa akikiosha mara saba, kwa hiyo siku hiyo hiyo akahamia kwa dada yake na sufuria zake. Nikabaki na Tutaonana barazani. Siku ya kwanza nilimpa ugali na dagaa, ya pili nikamnunulia nyama ambayo mimi mwenyewe sikuwa nimeila tangu Idi. Kila kukicha natoka namtazama mdomoni kama kuna povu. Mwanzo nilikuwa namtazama tu, baadaye nikajikuta namwambia "umeamkaje", baadaye "umeamkaje, ndugu yangu", na wapita njia wanasikia. Mtu aliyezunguka nyuma ya nyumba asimwamkie mzee wa watu, sasa anaamkia mbwa, tena anasubiri jibu.

Siku mbili za mwisho akaacha kula. Halafu akaacha maji. Niliogopa kufa, nawaambia bila kuremba. Nilimimina maji kwenye kikombe nikayanywa mbele yake, polepole, ili nione kama mimi bado naweza. Nikaweza, nikamimina kingine nijaribu tena.

Jumatatu asubuhi nikamkuta amelala ubavu, macho nusu. Nikapiga magoti, nikakishika kile kichwa, machozi yananitoka, nikasema, "Mzee wangu, amka. Nakuomba. Shikamoo."

"Marahaba," nikajibiwa nyuma yangu.

Alikuwa Mzee Yoeli, amesimama nje ya baraza na bakuli la bati lililobonyea. Alikuwa amepiga hodi mara tatu, akasema, sikumsikia. Tutaonana alivyoisikia ile sauti aliruka nusura anivunje pua, akayanywa maji ya lile bakuli lote, akataka mengine. Hakuwa na kichaa wala nini, alikuwa amekumbuka kwao. Mzee akainama kufungua kamba, akasema kwa upole wake ule ule, "Nilikuwa naisubiri tangu ile Ijumaa."

Nilikosa pa kuuweka uso. Nikamwamkia tena, vizuri, nimesimama, yeye mwenyewe, akaitikia tena bila kuchoka.

Jina la Mbwa Wetu nililipata wiki hiyo na nimeoa nalo. Kwenye daftari nilifuta ile mistari miwili, ikabaki alama, karatasi ilikuwa nyembamba. Na akija mtu kuniuliza haki zake kwa kuwa ameumwa na mbwa (bado wanakuja, eti mimi nilishawahi kufika mahakamani), namwambia aoshe kidonda kwa sabuni, aende hospitali, ndipo aulize mbwa ni wa nani. Mimi mwenyewe napiga hodi. Nisipojibiwa sizunguki nyuma ya nyumba ya mtu, nasimama pale pale mbali mpaka nimpate wa kumwamkia, hata akiwa mbwa.